Miguso Minane

Mtaa wa nyuma ya Msimbazi, Kariakoo
Dar es Salaam
12 Februari 2024

Kwa Daktari Mkuu Scholastika,
Hospitali ya Misheni Nkomanzi, Rukwa

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, lakini natanguliza jibu, maana barua inachukua siku na shikamoo yako lazima iko njiani.

Sisi wazima. Anti yako Candida mzima, duka zima, mimi ndiyo usiseme. Juzi nilikuwa Mchikichini pale wanapofungua mabelo ya viatu vya mtumba. Belo la Ujerumani likakatwa kamba, akatoka chatu. Mzima! Mrefu, ukianzia mkia wake kwenye banda la mikoba, kichwa kiko kwa mama ntilie. Watu wakatawanyika kama kumetangazwa moto. Mimi nikamkanyaga shingo kwa mguu huu wa kushoto, nikamwambia, "Tulia." Akatulia. Wenzangu wananiambia amesikiaje Kiswahili, chatu wa Ulaya? Nikawaambia alisikia sauti. Ukikutana na mtu anayebisha, ujue siku ile hakuwepo.

Sasa nisikilize. Umesema huko mtandao wa simu mpaka mpande kilima nyuma ya kanisa. Basi usihangaike na kilima, wewe andika barua. Simu ukishaikata imekwisha, nani atajua nilikuwa naongea na daktari? Barua naiweka mezani, watu wanaiona. Mpe kondakta wa basi, mimi nitaifuata stendi mwenyewe. Na upige muhuri wa hospitali. Bila muhuri, Hamud atasema nimejiandikia. Unamkumbuka Hamud, jirani yangu wa fremu ya pili, yule wa kanzu na manukato? Bado yuko vile vile, mdomo wake haujapunguzwa bei.

Hapa mtaani nimewaeleza kwamba wewe ndiye daktari mkuu wa hospitali nzima, na kwamba huko Rukwa watu wanaumwa kwa zamu ili wasikuchoshe. Mimi niliishia darasa la saba, lakini la saba la wakati wetu ukilipima na digrii za leo, digrii inaomba kiti. Akili ya udaktari umeitoa upande huu wetu. Usimwambie baba yako.

Mjomba wako,
Kasmir
Mkurugenzi, Viatu vya Kasmir

*

Nkomanzi
2 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika Alhamisi na gari la hospitali, ndiyo siku pekee linapokwenda mjini. Nimecheka sana habari ya chatu.

Lakini Mjomba, mimi si daktari mkuu. Naitwa daktari mtarajali. Chuo nimemaliza, ila kabla sijapewa leseni kamili lazima nifanye kazi mwaka mmoja chini ya wakubwa, na mkubwa wangu hapa ni Dokta Elieshi, mama mpole asiyerudia neno. Saa moja asubuhi ninakuwa nimeshatoa damu za wodi ya wanaume na kuzipeleka maabara mwenyewe, ng'ambo ya uwanja, nikiwa nimezikumbatia kama mayai. Kisha tunapita kitanda kwa kitanda. Dokta Elieshi ananiuliza maswali mbele ya wagonjwa. Nisipojua, ananitazama tu. Siku ya kwanza nilizunguka zunguka na maneno ya vitabuni hadi jasho likanitoka. Mwishowe nikasema, "Sijui." Akasema, "Haya. Sasa tunaweza kuanza."

Wagonjwa nao wananiuliza, "Binti, daktari anakuja saa ngapi?" Nawaambia, "Nimeshakuja." Wanaangalia nyuma yangu.

Wazee wengi wanaongea Kifipa tu, kwa hiyo Sista Matilda, muuguzi wa miaka mingi, ndiye ananitafsiria. Ndiye pia ananifundisha kufunga kidonda, maana nilichofundishwa chuo kilihitaji vifaa ambavyo hapa hatuna. Wiki jana nilizalisha mapacha. Wa pili alitanguliza makalio. Hapo mtu unataka kuvuta, na hutakiwi kuvuta. Unatakiwa kusubiri, mikono yako iko tayari lakini haifanyi kitu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kusubiri. Walitoka wote wawili wakilia.

Nachoka, lakini napenda. Msalimie Anti. Muhuri huo hapo chini, nimemwomba karani kwa aibu.

Mpwa wako,
Scholastika

*

Kariakoo
17 Machi 2024

Kwa Daktari Mtarajali Mkuu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Tatu, za akiba.

Barua yako nimeisoma jana saa kumi jioni mbele ya duka, wakati kahawa inapita. Bahasha naifungulia pale pale, mbele ya macho ya watu, wasije wakasema nimechomekea maneno yangu. Walikuwepo Hamud, Abdulatif fundi viatu anayekaa kibarazani kwangu, na watu wengine wa mtaa kama arobaini hivi. Hamud atakwambia walikuwa sita. Hamud hajui kuhesabu watu waliosimama.

Nilipofika kwenye mtarajali, Hamud akaruka: "Ndiyo nini hiyo?" Nikamwambia ni cheo. Kiko juu ya bingwa, chini kidogo ya waziri. Akauliza, na hao wagonjwa wanaangalia nini nyuma yake? Nikamwambia wanatafuta walinzi wake. Akarudi kwenye kahawa yake. Siku hiyo nilimshinda vibaya.

Sasa nikupe habari nyingine, na hii ni ya kweli tupu, mashahidi wapo. Jumamosi iliyopita nilichagua pea moja Mchikichini, ngozi ya Kiitaliano, nikaipenda nikaivaa hapo hapo. Nikabeba furushi kichwani mpaka dukani. Nikasimama dukani kutwa. Jioni nikatembea kwa miguu kupita Jangwani mpaka nyumbani Magomeni. Nafika mlangoni, Anti yako anasema, "Baba, umechinja nini?" Naangalia sakafuni, nyayo za damu! Soksi ya kushoto imelowa. Asubuhi nikampelekea Abdulatif kile kiatu, akaingiza koleo, akachomoa msumari mrefu kama njiti ya kiberiti. Msumari ulikuwa umesimama wima, unanitazama, kutwa nzima. Na mimi sikusikia kitu! Si maumivu, si kuwashwa, si chochote. Hamud mwenyewe aliushika ule msumari akaugeuza geuza. Nimeutundika dukani juu ya kioo.

Ndiyo nikawaambia, hii ni miguu ya Kibosho. Babu yetu alishuka Kilimanjaro peku, barafuni, ndama begani, akafika chini akauliza mbona hapa kuna joto. Mguu wa ukoo huu ni chuma.

Kidonda chenyewe ni kitundu tu, chini ya kidole kidogo. Nimekiosha kwa maji ya chumvi. Kinachonisumbua ni joto la Dar mwaka huu. Namaliza chupa nzima ya maji na koo bado kavu, halafu safari za msalani hazina idadi. Ukipata dawa ya joto niletee.

Mjomba wako,
Kasmir
Mguu wa Chuma

*

Nkomanzi
30 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hii usiisome barazani. Isome nyumbani, na Anti akiwepo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimekupigia pia kutoka kilimani mara tatu, na kila nikitaja mguu unasema mtandao mbovu, unakata. Kwa hiyo naomba unijibu kwa maandishi: ule msumari ni kweli? Chatu aendelee kuwa chatu, sijali. Huu msumari nataka kujua.

Kama ni kweli, Mjomba, mguu wako si wa chuma. Mguu usiosikia msumari umekufa mishipa ya fahamu, na kinachoiua mara nyingi ni kisukari. Ile kiu si ya joto. Zile safari za msalani pia si za joto.

Mwezi huu tumempokea mzee mmoja, mkulima wa mahindi. Alikaa karibu na moto, kaa likamwangukia mguuni, akajua kwa harufu. Hakusikia. Akaona ajabu, akawasimulia majirani, wakamsifu. Alipoletwa kwetu miezi miwili ilikuwa imepita, na Dokta Elieshi akasema mguu huo ukibaki unaondoka na mwenyewe. Kazi yangu chumba cha upasuaji ilikuwa kuushika. Niliushika kwa mikono miwili. Ulipoachana na mwili ukawa mzito ghafla, nusura uniponyoke, nikauweka kwenye beseni taratibu kama kitu kinachoweza kuumia. Kesho yake akaniuliza kama nimeuona. Nikamwambia nimeuona, ulikuwa mguu mzuri, umetembea sana. Akatikisa kichwa, akageukia ukutani.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha mshipi, uzi ule wa nailoni wa kuvulia samaki. Hapa ndicho tunachotumia kupima. Ufumbe macho, Anti akuguse kwa ncha yake chini ya mguu wa kushoto, sehemu mbalimbali, mpaka uzi upinde kidogo. Kila ukihisi useme. Anti aandike. Mara kumi.

Na kwa vyovyote matokeo yatakavyokuwa, nenda ukapimwe sukari. Hospitali zote unazipita ukienda dukani.

Scholastika

*

Kariakoo
14 Aprili 2024

Dokta wangu,

Marahaba. KUMI KWA KUMI!

Nilijua tu. Nilikaa kwenye kiti sebuleni, nikafumba macho kama mtu anayesali, Candida akapiga magoti na uzi wake. Kila mara nikamwambia, "Hapo!" Sikukosa hata moja. Mara nyingine nilisema "Hapo!" kabla hata yeye hajasema tayari, kwa jinsi mguu wangu ulivyo mwepesi wa akili. Candida ameandika kwenye karatasi, ananiangalia angalia, nikamwambia andika, mama, usione haya, mumeo amefaulu. Hata shuleni sikupata kumi kwa kumi, ila siku moja, na siku hiyo mwalimu alikataa kuamini akanipa tisa.

Msumari ni kweli. Umeniuliza kwa ukali, nami najibu: kweli. Lakini umeshaona sasa, mguu unasikia. Siku ile utakuwa ulikuwa umelala.

Sukari nilipimwa zamani pale maonyesho ya Sabasaba, wakaniambia iko sawa, tamu ya kawaida. Kitundu kinaendelea vizuri. Kinatoa maji maji, ndiyo uchafu unaondoka. Candida anasema nikapange foleni hospitali. Nikamuuliza, mtu mwenye daktari wake Rukwa, mtaa mzima unajua, anakwenda kupanga foleni na watu wasio na mpwa? Hamud akinipita pale benchi atasema nini?

Haya. Usiwe na wasiwasi na watu wazima. Kula vizuri. Yule mzee wa mahindi nimemwonea huruma, mpe pole yangu.

Mjomba wako mwenye miguu miwili,
Kasmir

*

Nkomanzi
25 Aprili 2024

Mjomba wangu Kasmir,

Shikamoo. Hii sasa isome kwa sauti, saa kumi, mbele ya duka, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakikisha Bwana Hamud na Fundi Abdulatif wapo. Muhuri nimepiga mara mbili.

Bwana Hamud, Fundi, shikamooni.

Nataka mjue huyu anayewasomea ni nani. Mimi nilipoanza darasa la kwanza, viatu vyangu alichagua yeye. Na vya la pili, na vyote hadi namaliza chuo. Sikuwahi kuvaa kiatu ambacho hakikupita mkononi mwake. Na hakunipa kiatu kabla hajaingiza mkono ndani, mpaka kwenye vidole kule mbele, akapapasa polepole kama kuna msumari au uzi uliosimama. Nikiwa na haraka alikuwa ananiambia, "Subiri, Skola, mguu hauna macho." Hakuna mtu Kariakoo anayejua kiatu kama Mjomba wangu.

Mtu huyo alitembea na msumari kutwa nzima.

Alipowaambia hivyo mlishangaa mkamsifu. Alipoandika kwangu sikuamini, kwa sababu ya wale chatu wake. Ni kosa langu, na nilipoteza wiki mbili. Nikamtumia uzi wa kupimia. Ameniandikia kwamba amehisi mara kumi kwa kumi, na najua nyinyi pia amewaambia.

Tunapopima hivi hospitalini, kuna mara tunajifanya tunagusa na hatugusi, ili mgonjwa asitufurahishe tu. Nilimtumia Anti Candida ujumbe wa simu, nikamwambia aguse mara nane. Mara mbili asiguse kabisa.

Mjomba alihisi kumi.

Mimi niko mbali siku mbili kwa basi na siwezi kuondoka zamu. Nyinyi mko hapo. Mkiwa mmesikia mpaka hapa, naomba sana, mvueni soksi.

Scholastika

*

Kariakoo
4 Mei 2024

Binti yetu Dokta Scholastika,

Assalaam alaykum. Ni mimi Hamud, jirani wa Mjomba wako. Nimepiga simu yako tangu jana, haipatikani, kwa hiyo nampa dereva wa basi barua hii mkononi.

Kasmir alisoma barua yako kwa sauti kubwa kama anayepiga mnada. Sifa za viatu alizisoma mara mbili, anarudia, anatuangalia. Alipofika kwenye mara nane akakohoa. Akasema, "Hapa wino umefifia." Nikamwambia lete. Wino ulikuwa mweusi kama kope. Nikasoma mimi.

 Yeye akacheka peke yake. Nikamwambia, "Kasmir, vua." Akasema, "Hamud, we, mguu wa mtu mzima hauvuliwi barabarani." Nikamwambia, "Huu ndiyo umeuimba barabarani miezi miwili, leo umekuwa wa ndani?" Wakati tunabishana, Abdulatif alikuwa ameshapiga magoti, kama anavyompimia mteja, ameshika kisigino. Akavuta soksi taratibu. Harufu ilitufikia wote. Kile kitundu kimekuwa saizi ya kizibo cha soda, na kidole kidogo kimekuwa cheusi, Mungu atuhifadhi, cheusi kabisa. Na Kasmir anatuangalia sisi nyuso zetu, mguu wake hauangalii.

 

Tukamweka kwenye bajaji mpaka hospitali. Kile kimashine cha sukari kikakataa kutaja namba, kikasema tu imezidi. Amelazwa. Wanampa dawa ya mshipani. Madaktari wanasema kidole kidogo na cha pili yake vitoke, tena wasichelewe, maana kidonda kikipanda juu watafuata mguu. Sasa hapo ndipo tatizo. Hataki kusaini. Anawaambia, "Mimi nina daktari wangu. Ni mkubwa kuliko nyinyi wote. Hanigusi mtu kwa kisu mpaka aje yeye." Daktari mmoja akamuuliza ni bingwa wa nini, akajibu, "Mtarajali." Wakaangaliana.

Candida hatoki pale kitandani. Mimi nimemsema, nimemtania, nimemkasirikia. Binti, maneno yetu hayamwingii. Yako ndiyo anayaweka chini ya mto.

Wako,
Hamud

*

Ujumbe wa simu kwa Bwana Hamud
Kutoka Nkomanzi, kilimani
6 Mei 2024

Bwana Hamud, shikamoo, na asante; barua yako imenifikia leo kwa pikipiki kutoka stendi. Naomba umsomee Mjomba neno kwa neno.

Mjomba, shikamoo. Mimi sijawahi kukata kidole cha mtu. Nimeshika mguu mmoja, hilo nilikuandikia. Nimeshona ngozi mara tisa, na mara zote tisa Dokta Elieshi alikuwa amesimama ubavuni kwangu, mara mbili akanifumulisha nikashona upya. Hao waliosimama hapo kitandani kwako wamefanya kazi hiyo mara ambazo hawazihesabu tena. Ningekuwa hapo leo, ningewapisha.

Umewaambia watu kwamba mimi ni mkuu. Kama ni mkuu, nakuamuru usaini. Kama si mkuu, nakuomba.

Leo nimeona wagonjwa ishirini na wawili, na kila nikimaliza mmoja nimehesabu tangu Machi ni siku ngapi. Ruhusa yangu ni Julai. Nataka nije Julai, nikukute dukani. Usifanye wanipe ruhusa mapema kwa sababu nyingine.

Skola

*

Kariakoo
9 Juni 2024

Skola,

Marahaba, mpwa wangu. Nimeandika barua hii polepole kwa sababu nilitaka nisichanganye.

Hamud alinisomea ule ujumbe, alipomaliza akanipa kalamu. Nikasaini. Sikuwa jasiri. Nilimwomba Candida anishike mkono na mkono wake ulikuwa wa moto, wangu wa baridi. Wamekata viwili. Mguu upo. Daktari anasema kidonda kinajaa vizuri, sukari inashuka, nachomwa sindano ya tumboni asubuhi na jioni. Candida ananichoma, mimi nageuza uso. Kila siku ananiangalia chini ya miguu kwa kioo, yote miwili. Wa kulia nao wameupima, hausikii sana. Hilo sikuwa nalijua, au nilikuwa nalijua. Sijui.

Jumatano nimerudi dukani. Nikafika nikakuta watu wamejaa, safari hii hata mimi sizidishi, walikuwa kama kumi na tano. Wengine wamekuja na stuli zao. Abdulatif akaniwekea kiti. Mmoja akasema, "Kasmir, tuambie, ni treni?" Mwingine akasema, "Treni gani, huyu atakuwa amepigana na simba." Wakacheka, wakatulia, wakaningoja.

Na nilikuwa nayo, Skola. Nilikuwa nimeitengeneza wodini, siku kumi na moja. Ya mamba aliyeletwa na mafuriko bonde la Msimbazi, akanikamata mguu darajani, nami nikamwachia vidole viwili makusudi ili nipate nafasi ya kumshika taya. Ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa na sehemu mpaka mamba anaomba radhi.

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ni sukari. Imenila mguu huku nausifia."

Wakacheka. Wakangoja iendelee. Nikawaambia basi, ndiyo hiyo, kulikuwa na msumari na sikuusikia kwa sababu naumwa. Wakangoja tena. Halafu wakaanza kuondoka mmoja mmoja na stuli zao, na yule wa treni nikamsikia akimwambia mwenzake, "Hospitali imemharibu Kasmir wa watu." Abdulatif akarudi kwenye viatu vyake. Nikabaki nimekaa. Nilijisikia kama mtu aliyeuza kiatu kimoja.

Hamud hakuondoka. Alikuwa mlangoni kwake anakunja kanzu ambazo zilikuwa zimekunjwa. Anakunjua, anakunja. Mwishowe akasema, haniangalii, "Kasmir. Hiyo ganzi ilianza vipi?"

"Nani anauliza?"

"Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mmoja, humjui."

Watu wote anaowajua Hamud mimi nawajua. Nikaangalia miguu yake kwenye makubadhi, akaivuta nyuma chini ya kanzu.

Nikamwambia, "Mwambie huyo mtu afunge duka."

"Saa hii? Saa nane mchana? Na wateja?"

"Saa hii."

Akafunga. Na mimi nikafunga, nikaegemea fimbo yangu, tukaenda zahanati ile ya karibu. Tukakaa benchi, foleni ndefu, watu wanapita barabarani wanatuona, wengine wanatusalimia kwa majina.  Zamu yetu ilipofika muuguzi akatoka na daftari, akatutazama wazee wawili tumekaa, mmoja na bandeji mpaka kwenye kifundo, akauliza, "Nani kati yenu mgonjwa?"

Hamud akaninyooshea mimi kidole.

Mimi nikaweka mikono juu ya fimbo yangu. Muuguzi akafungua daftari, akangoja. Sikumsaidia, Skola. Halafu Hamud akashusha kile kidole, akainua mkono.

Mjomba wako,
Kasmir